Anza na Shuka: Kuchagua Matandiko ya Nyuzi za Mimea

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa mitaa ya Eastlands kuhusu uchaguzi wa matandiko ya nyumbani. Tunaichapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Najua Jumamosi ndiyo siku ya kufua, ya kwenda sokoni na ya vikao vya chama, kwa hivyo sitawachosha.

Nimekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani, awe anaishi kwenye nyumba za zamani za Kaloleni, ghorofa za Umoja na Kayole, au chumba cha mabati kule Mathare. Kitu hicho ni kitanda na yale tunayotandika juu yake. Hata yule anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu hulala saa tano au sita. Shuka hugusa ngozi ya mtoto wako kwa saa nyingi kila usiku. Lakini tukienda kununua shuka, wengi wetu huuliza mambo mawili tu: rangi na bei. Leo nawaomba tuongeze swali la tatu: imetengenezwa kwa nyuzi gani?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tuvitazame vitanda vyetu wenyewe.

Nyuzi za mimea si jambo geni kwetu

Tunaposema matandiko ya nyuzi za mimea, hatuzungumzii anasa ya hoteli. Mimea hiyo mnaijua. Ya kwanza ni pamba, inayotoa shuka, foronya na baadhi ya mablanketi. Hapa Kenya hulimwa Busia, Siaya, Homa Bay, Kitui, Makueni, Meru, Kirinyaga, Tana River na Lamu. Ya pili ni sufi, inayotoka kwenye maganda ya mti wa msufi, mti wa Pwani. Uzi wa sufi uko wazi ndani kama mrija na umejaa hewa, ndiyo maana ni mwepesi sana na haunyonyi maji upesi. Zamani sufi ilijazwa hata kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Kusokota nguo haifai kwa sababu uzi wake ni laini mno na unakatika, lakini kujaza mto inafaa sana.

Halafu kuna usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo ni ngumu na hupitisha hewa. Kuna mkonge, unaolimwa Taita, Kilifi na Kibwezi, na ambao kina mama wa Ukambani wameusokota kuwa kamba na kuusuka kuwa vyondo tangu zamani. Kuna ukindu na miyaa ya kusukia mikeka. Watu wa Pwani walilalia vitanda vya fremu ya mbao vilivyosukwa kwa kamba za usumba au ukili. Kamba ikilegea, inakazwa. Ikikatika, inasukwa upya. Hakuna aliyetupa kitanda kizima kwa sababu ya kamba moja.

Hata kitambaa tunachokiita amerikani kina historia yake. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho wafanyabiashara kutoka Marekani walikileta Zanzibar katika karne ya 19, kikaenea bara kwa misafara mpaka kikapewa jina la nchi kilikotoka. Leo bado mnakipata kwa mita katika maduka ya vitambaa. Mkikumbuke, nitakirudia.

Sponji inatoka wapi na inakwenda wapi

Godoro ambalo wengi wetu tunalo ni la sponji. Sponji hiyo, ambayo jina lake la kiwandani ni poliyurethani, ni zao la mafuta ya petroli. Duveti nyingi za bei nafuu zimejazwa poliesta, na shuka nyingi zinazong'aa ni poliesta tupu. Hiyo nayo ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi.

Sikuja kuwaambia mchome magodoro yenu. Tafadhali msichome kabisa! Sponji ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu, ikiwemo kaboni monoksidi na sianidi. Kwenye nyumba ya chumba kimoja yenye mlango mmoja, moshi huo humfikia mtu kabla ya moto. Pamba nayo huungua, na inaweza kufuka polepole kwa saa nyingi, kwa hivyo mshumaa, jiko na taa ya mafuta vikae mbali na kitanda cha aina yoyote.

Ninachotaka mtazame ni mwisho wa safari. Godoro la sponji likibonyea katikati linatolewa nje, linalowa mvua, na mara nyingi linaishia kwenye jaa la Dandora, katikati ya mitaa yetu hii. Jaa hilo lilianza kutumika miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Bado linapokea taka. Mwaka 2007 utafiti uliofanywa kwa niaba ya shirika la UNEP uliwapima watoto na vijana 328 wanaoishi karibu nalo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Risasi hiyo haikutoka kwenye magodoro. Lakini jaa lililokwisha kujaa halihitaji kuongezewa vitu ambavyo haviozi, na wanaovuta moshi wake ni sisi na jirani zetu wa Dandora, Korogocho na Kariobangi.

Shuka ya pamba ikichakaa, historia yake ni nyingine. Inakuwa kitambaa cha kufunika mtoto, kisha cha kupangusia meza, kisha cha kudekia, na mwisho wake inaoza ikawa udongo.

Kwa nini pamba inafaa nyumba zetu

Mchana chumba cha mabati kinapata joto. Usiku wa Julai, Nairobi inakuwa baridi hasa. Pamba hunyonya jasho na kuliacha litoke, kwa hivyo mtu haamki akiwa amelowa mgongo. Poliesta hainyonyi, jasho linabaki kati ya ngozi na shuka. Mama mwenye mtoto anayetoka vipele vya joto ajaribu kwanza kubadilisha shuka ya mtoto na foronya yake kuwa za pamba. Vipele visipopona, ampeleke kwenye kituo cha afya.

Sababu ya pili ni kunguni. Tusidanganyane, kunguni hawachagui. Wanaingia kwenye godoro la pamba kama wanavyoingia kwenye la sponji. Tofauti ni kwamba shuka ya pamba inastahimili maji ya moto sana na pasi ya moto, na joto ndilo adui mkubwa wa kunguni na mayai yake. Poliesta ukiipiga pasi ya moto inayeyuka. Shuka ya pamba ya rangi nyeupe au hafifu ina faida nyingine: madoa meusi ya kunguni yanaonekana mapema, kabla hawajajaa ukutani. Na tafadhali, msinyunyizie matandiko dawa za shambani. Kunguni wakizidi, nendeni kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu, na ploti nzima isafishwe siku moja, la sivyo watahama kutoka chumba hadi chumba.

Pamba ina gharama zake pia. Inachelewa kukauka, na kwenye roshani ya ghorofa isiyopata jua hilo ni tatizo. Inahitaji maji ya kufulia, nasi maji tunayapata kwa mgao. Huko shambani pamba hutumia maji na dawa za wadudu. Ndiyo maana sisemi mnunue shuka nyingi za pamba. Shuka mbili nzuri kwa kila kitanda, moja kitandani na moja kwenye kamba, zinatosha.

Msidanganywe na jina

Sokoni kuna maneno matatu ya kuangalia.

Neno la kwanza ni "faiba". Muuzaji akikwambia mto huu ni wa faiba, mara nyingi anamaanisha poliesta nyeupe iliyochambuliwa, wala si nyuzi za mmea. Muulize: ni pamba, ni sufi, au ni poliesta?

Neno la pili ni "mianzi". Siku hizi kuna shuka zinazosifiwa kuwa za mianzi. Nyingi ni rayoni, yaani mmea umeyeyushwa kwa kemikali kiwandani kisha ukavutwa kuwa uzi. Inaweza kuwa laini na nzuri, lakini si ule mwanzi unaoufikiria. Huko Marekani mwaka 2022 kampuni mbili kubwa za maduka zilitozwa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza rayoni kwa jina la mianzi.

Neno la tatu ni "pamba" lenyewe. Karatasi ya nje inasema pamba, lakini ndani kuna mchanganyiko. Soma kitambulisho kidogo kilichoshonwa kwenye pindo, si picha ya kwenye pakiti. Kama hakipo, tumia mikono yako. Finya kitambaa kwa nguvu kisha uachie: pamba inabaki na makunyanzi, poliesta inajinyoosha. Dondoshea tone la maji: pamba inalinyonya, poliesta inaliacha likae juu, ingawa shuka mpya yenye wanga inaweza kuchelewa kidogo. Inue shuka kwenye mwanga: ukiona mwanga mwingi unapenya, nyuzi ni chache na haitadumu, hata kama pakiti imeandikwa maelfu ya nyuzi.

Jaribio la mwisho ni la moto, na lifanywe na mtu mzima, nje ya nyumba, kwa uzi mmoja tu ulioshikwa kwa koleo. Uzi wa pamba unawaka, unanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wa poliesta unajikunja, unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona yote mawili, ni mchanganyiko. Rayoni nayo huungua kama pamba, kwa hivyo jaribio hili halitakutenganishia hizo mbili.

Na msidharau mitumba. Pale Gikomba, marobota ya shuka na mapazia yanapofunguliwa asubuhi, ndani yake kuna shuka nzito za pamba ambazo zimefuliwa mara nyingi na hazitarudi tena wala kuchuja rangi. Wanaozijua ndio wanaowahi ile daraja ya kwanza inayoitwa kamera. Angalia katikati ya shuka, mahali mtu anapolala, ndipo huchakaa kwanza. Ukifika nyumbani, loweka kwenye maji ya moto na sabuni kabla haijagusa kitanda, kisha ianike juani.

Pesa kidogo, ianzie wapi?

Wengi mtaniuliza, haya yote kwa pesa zipi? Jibu langu ni kwamba usianze na godoro. Anza na kile kinachogusa ngozi.

Hatua ya kwanza ni shuka na foronya za pamba. Hatua ya pili ni mfuko wa godoro. Nenda ukanunue amerikani, uifue kwanza kwa sababu itarudi, kisha umpelekee fundi cherehani pamoja na vipimo vya godoro, urefu, upana na unene. Mwambie aache upande mmoja wazi wenye kamba za kufunga ili uweze kuuvua na kuufua. Mfuko huo unapunguza jasho linalofika kwenye sponji, na hata godoro la zamani linapata miaka zaidi.

Hatua ya tatu ni mto. Ukiwa na ndugu anayetoka Mombasa, Kilifi au Kwale, muagize sufi, kisha ushone mto mwenyewe kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana ili sufi isitoke. Kama sufi haipatikani, mabaki ya pamba ya mafundi nguo, yakikatwa vipande vidogo, hujaza mto mzuri ulio mgumu kiasi. Mto wa sufi au pamba haufuliwi mzima, unaanikwa juani kila wiki na kupigwapigwa ili ujae hewa na vumbi litoke. Wenye pumu wazingatie sana jambo hili, kwa maana wadudu wa vumbi hukaa kwenye mto wowote usiopigwa jua. Na kina mama wenye watoto wachanga: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe mto wowote. Alale chali, juu ya godoro gumu, shuka ikiwa imekazwa vizuri.

Godoro ndilo la mwisho. Hapa Nairobi godoro lililojazwa pamba, usumba au mkonge pekee si rahisi kulipata, na wengi wetu tutaendelea na sponji kwa sasa. Basi tununue sponji itakayodumu. Tafuta alama ya ubora ya shirika la KEBS, kisha utume namba ya kibali iliyo chini ya alama, ukitanguliza herufi SM na alama ya reli, kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, uone kama kampuni iliyotajwa ndiyo iliyo kwenye godoro. Bonyeza godoro kwa kiganja: likichelewa kuinuka dukani, litabonyea mapema nyumbani. Liweke juu ya chaga zinazopitisha hewa, si juu ya saruji inayotoa unyevu, na uligeuze kila baada ya miezi mitatu.

Tupige hesabu ya mfano. Godoro la shilingi 5,000 likidumu miaka 2, umelipa shilingi 2,500 kwa mwaka. La shilingi 10,000 likidumu miaka 8 kwa sababu lina mfuko wa pamba na limetunzwa, umelipa shilingi 1,250 kwa mwaka. Lile la bei rahisi limekugharimu mara mbili. Rahisi ghali, walisema wazee. Asiye na shilingi 10,000 kwa mara moja, hapo ndipo chama kinapofaa. Kama tunachangiana kununua sufuria na masufuria, tunaweza kuchangiana kununua godoro, zamu kwa zamu, bila riba ya kulipa pole pole.

Kazi iliyofichika ndani ya mabaki

Sasa vijana na vikundi vya kina mama, sikilizeni. Kila siku mafundi wa nguo wa Gikomba na Eastleigh hutupa vipande vya vitambaa. Ndani yake mna pamba safi. Kikundi kinachojua kutenganisha pamba na poliesta kwa yale majaribio tuliyoyasema kinaweza kutengeneza mito, vitandiko vya viraka, mifuko ya magodoro na matandiko ya watoto, na kuviuza hapahapa mtaani. Kinahitaji cherehani, mkasi, mizani na uaminifu. Mkiandika pamba, iwe pamba.

Pamba yetu ilikuwa na nguvu. Uzalishaji nchini ulipanda miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 viwanda vingi vikafungwa, kikiwemo KICOMI cha Kisumu. Rivatex ya Eldoret, iliyokuwa wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Moi, ilizinduliwa upya mwaka 2019. Mkulima wa Busia hatapanda pamba kwa sababu ya hotuba. Atapanda akiona kuna mtu Nairobi anayeuliza dukani, "Shuka hii ni ya pamba? Ni pamba ya wapi?"

Na tukifika mwisho wa matandiko, tukumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka, na inamtaka anayetengeneza bidhaa abebe wajibu wake hata baada ya bidhaa kutumika. Godoro kuukuu lisitupwe mtoni wala kando ya reli. Mafundi wa makochi hununua sponji ya kukata vipande, mradi haina kunguni. Ambalo halifai tena, lipeane na wazoa taka waliosajiliwa, likiwa kavu.

Kuna atakayesema Nairobi haiwezi kubadilika. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wapo waliosema soko litasimama. Soko halikusimama. Watu walitoa vyondo vyao darini.

Ombi langu ni dogo. Mwezi huu, kila nyumba ibadilishe kitu kimoja tu. Iwe ni shuka ya mtoto, au foronya ya mzee anayekohoa, au mfuko wa amerikani wa lile godoro mlilonalo. Isome kwanza kwenye pindo, ifinye kwa mkono, ndipo ulipe. Ukiridhika nayo, mwonyeshe jirani.

Sasa nakaribisha maswali, na mwenye shuka ambayo hajui ni ya nyuzi gani ailete hapa mbele tuitazame pamoja.